Ufunguo wa masta na siku mbili nilizokaa kimya

Nimefanya kazi hotelini Arusha kwa miaka 11, kwanza mapokezi, kisha usimamizi wa vyumba. Vijana wanaotoka chuoni huniuliza kuhusu mshahara, lugha za kigeni na namna ya kumtuliza mgeni mkorofi. Maadili huyataja mwishoni kabisa, na wakiyataja huwa wana maana moja: usimwibie mgeni. Sawa, usimwibie. Lakini wengi wetu hatumwibii mgeni. Dhuluma kubwa niliyoiona hotelini tunafanyiana sisi wenyewe, na mojawapo niliifanya mimi.

Ulikuwa mwaka wangu wa pili. Mgeni aliyerudi kutoka Ngorongoro alikuja kaunta akasema bahasha yake ya dola haionekani chumbani. Chumba kilikuwa kimefanywa asubuhi ile na dada mmoja deiwaka, yaani kibarua wa kutwa, mpole, aliyekuwa akisubiri kuajiriwa. Kabla ya saa saba mchana jikoni nzima ilishamjua "mwizi". Mimi nilijua jambo ambalo wengine hawakulijua: kijana wa matengenezo aliingia chumba kile saa nne kutazama hita ya maji, kwa ufunguo wa masta, ule unaofungua vyumba vyote, niliompa kwa mkono wangu, bila kuuandika popote. Alikuwa rafiki yangu na sikumshuku hata kidogo. Ila nilijua nikisema, ataulizwa yeye, kisha nitaulizwa mimi ufunguo ulitokaje. Nikanyamaza siku ile na siku iliyofuata.

Dada yule alipekuliwa getini mbele ya walinzi na madereva. Namkumbuka alivyolifungua begi lake. Alitoa khanga, ndala, kopo la mafuta ya kujipaka na chapati mbili zilizofungwa kwenye gazeti, akavipanga kimoja kimoja juu ya benchi la mlinzi, halafu akasimama akingoja aruhusiwe kuvirudisha. Akaambiwa kesho asije.

Siku ya tatu dobi alikung'uta mfuko wa duveti kabla ya kuutia mashineni, bahasha ikaanguka sakafuni. Dola zote zilikuwemo. Mgeni alikuwa ameificha mwenyewe kitandani akasahau. Tulipopiga simu ilipokelewa na mama yake yule dada, akasema mwanawe hataki tena kusikia habari za hoteli yetu. Sikuwa na la kumjibu mama yule.

Kwa hiyo nikiulizwa ushauri naanzia hapo. Kitu cha mgeni kikipotea, chumba kitafutwe kwanza na watu wawili, mgeni mwenyewe akiwepo. Mashuka yaliyokwenda dobi yasimamishwe yakaguliwe. Maswali yaje baadaye, faraghani, na aulizwe kila aliyeingia, akiwemo msimamizi. Begi la mtu halifunguliwi getini mbele za watu.

Jueni pia kwa nini lawama huwaangukia deiwaka na wanafunzi wa fildi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri awe na sababu ya haki na afuate utaratibu wa haki kabla ya kumwachisha mtu kazi. Lakini kinga hiyo haimfikii mwenye chini ya miezi 6 kwa mwajiri huyo. Mtu wa namna hiyo anaondoka kwa neno moja tu la mkubwa. Wewe mwenye mkataba na miaka yako kazini, neno lako lina uzito ambao la kwake halina. Litumie kwa ajili yake.

Utaambiwa umemchoma mwenzako. Neno hilo linatutisha mno makazini, na mimi lilinifunga mdomo. Kumchongea mtu ni kupeleka maneno kwa bosi ili wewe upande. Kusema ulichokiona pale mtu mwingine anapoonewa ni ushahidi, na hauhitaji kufichwa. Mfuate mhusika kwanza, umwambie usoni: "Kaka, nitasema kwamba uliingia chumba kile saa nne. Nimetaka ulisikie kwangu kabla hujaulizwa." Ningemwambia rafiki yangu hivyo, nina hakika angekwenda kusema mwenyewe.

Tipu nayo inagombanisha watu kuliko mshahara. Mgeni anamkumbuka aliyemletea chai. Hamkumbuki aliyeosha sufuria, aliyemwagilia bustani wala aliyekesha getini. Zamani sanduku letu lilihesabiwa na mtu mmoja ofisini, mlango ukiwa umefungwa, na kila mwisho wa mwezi ilikuwa minong'ono. Tulipobadilisha, likawa linafunguliwa Jumamosi baada ya chakula cha mchana, kwenye meza ya wafanyakazi, na watu watatu wa idara tofauti, kiasi kikiandikwa mbele ya wote. Minong'ono ilipungua sana. Kama mmekubaliana tipu ni ya wote, ile noti uliyopewa mkononi kwenye korido ni ya sandukuni pia.

Cha juu cha teksi kiacheni. Mgeni anatozwa zaidi kwenda uwanja wa ndege, wewe wa mapokezi unapata chako, na dereva aliyepanga foleni tangu alfajiri anarukwa kwa sababu hakukugawia. Picha za wageni simuni mwako, hivyo hivyo. Tangu 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na hata isingekuwepo, mtu aliyelala kwako ni amana.

La wanafunzi wa fildi linaniuma zaidi. Binti anakuja kwa wiki chache, kijitabu chake kinahitaji saini ya msimamizi, na kuna wasimamizi wanaoigeuza saini hiyo kuwa bei. Sheria ile ile ya 2004 inahesabu unyanyasaji kazini kuwa ubaguzi na inaukataza. Katika idara yangu niliweka kijitabu kisainiwe na watu wawili, mmoja wao mwanamke. Mwanafunzi hatumwi peke yake chumba chenye mgeni ndani, na wakati wa usafi mlango unabaki wazi, toroli likiwa mlangoni. Ukimwona mwenzako anamwita binti stoo mara kwa mara, nenda nawe ukachukue sabuni.

Kama unaanza kazi wiki hii, uliza daftari la funguo liko wapi. Ukiambiwa halipo, nunua kaunta buku, uchore safu za tarehe, saa, jina, chumba, sababu, saa ya kurudisha na saini. Mstari wa kwanza andika jina lako.