Usianzie stesheneri: vifaa vya michezo vya darasa la awali

Mwaka wangu wa kwanza kufundisha awali hapa Moshi nilipewa fedha kidogo za vifaa, nikashuka mjini siku hiyo hiyo. Nilirudi na chati tatu za ukutani, boksi la kalamu za rangi na pakiti moja ya kadi za herufi, Q na X zikiwemo, herufi ambazo Kiswahili hakina kazi nazo. Darasani walinisubiri watoto 58. Chati nilizitundika juu kabisa zisichanwe. Kadi zikawa chanzo cha ugomvi, maana aliyekosa alimpokonya mwenzake. Zile kalamu hazikufika likizo.

Mwalimu mwenzangu, mtoto wa miaka mitano anajifunza kwa kushika, kupanga, kubomoa na kupanga tena. Kwa hiyo kabla hujatoa hela, jiulize: kifaa hiki kitatosha mikono yote? Na vikipotea vitano, mchezo utaendelea?

Mimi nilianza upya na visoda, vile vifuniko vya chupa za soda. Nilimwomba mwenye grosari ya jirani aniwekee ndoo chini ya kaunta. Hesabu yangu ilikuwa visoda kumi kwa kila mtoto, yaani 580, na ndoo ilinipa zaidi ya hivyo. Viloweke usiku kucha kwenye maji ya sabuni, visuguliwe, vianikwe. Vyenye kutu tupa. Kisha kaa na nyundo ulaze yale meno ya pembeni, kimoja kimoja, kwa sababu yanakata. Inachosha, lakini usiiruke hatua hiyo. Kwa visoda watoto wangu wanahesabu, wanatenga kwa rangi, wanafuata umbo la namba niliyochora sakafuni kwa chaki, na kwenye kona ya mchezo wa duka ndivyo vinakuwa hela.

Mabaki ya mbao niliyapata kwa fundi seremala wa Pasua, ambaye alikuwa anayachoma tu. Chagua ya paini yaliyorandwa, piga msasa kila pembe. Yenye rangi ya kijani yaache, hizo ni mbao zilizotiwa dawa na mtoto hutia mdomoni kila anachoshika. Vipande vya vitenge utavipata kwa mafundi cherehani wakifagia jioni. Nenda na mfuko, salimia vizuri, eleza ni kwa ajili ya watoto. Sijawahi kunyimwa.

Maharage na mahindi ya kuhesabia niliyaacha baada ya mtoto mmoja kuingiza harage puani. Tulikimbia naye zahanati, likatolewa salama, lakini nilitetemeka hadi jioni. Tangu hapo kitu chochote kinachoingia kwenye tundu la pua hakiingii darasani kwangu.

Kuna jambo jingine nililofundishwa na bibi wa mwanafunzi wangu. Nilikuwa nimekanda unga wa ngano na chumvi ili watoto wafinyange maumbo. Bibi akasimama mlangoni akatazama, kisha akasema taratibu, "Mwalimu, unga unachezewa?" Niliona aibu. Wapo watoto wanaofika shuleni bila hata kikombe cha uji. Siku hizi tunatumia udongo wa mfinyanzi kutoka kingo za mto, nauchuja mawe na mizizi, naufunika kwa gunia bichi usikauke. Unafinyangika vizuri kuliko unga.

Wazazi sikuwaandikia barua ya michango. Elimu ya shule za serikali, kuanzia awali hadi kidato cha nne, haina ada tangu Januari 2016, na neno mchango linawatia wasiwasi hata ukisema ni hiari. Kwenye kikao niliomba kopo au boksi moja tupu, lililooshwa: la majani ya chai, la sabuni, la dawa ya meno. Ya vidonge nilikataa, mtoto asije akazoea kuyaona kama vya kuchezea. Wiki ile kona ya duka ilijaa.

Fedha zote sasa zinakwenda kwenye vile ambavyo mtaa hauna: mikasi yenye ncha butu, gundi, manila, makapeni, na ndoo zenye mifuniko, maana panya wa stoo hawachagui.

Bibi yule alirudi wiki iliyofuata na mzigo wa maganda makavu ya migomba kutoka kihambani. Alikaa kivulini akafunga mipira ya rede kumi na miwili, watoto wakimzunguka kujifunza fundo. Ukipata ya namna hiyo, masika yakianza iweke ndani mahali penye hewa. Ikilowa mara mbili tatu inaoza, na maganda makavu mwezi wa Aprili hayapatikani.