Maswali na majibu: Gitaa linavuma, nimeambiwa nikate pini ya ethi

SWALI: Habari za kazi, fundi. Mimi napiga gitaa, besi, kinanda na ilimba (ala yetu ya vibao vya chuma inayopigwa kwa vidole gumba), na nyimbo zangu narekodi mwenyewe kwenye chumba nilichopanga hapa Dodoma. Nina laptop, kadi ya sauti yenye njia mbili, maiki moja ya kondensa, na amplifaya ndogo ya gitaa ambayo nimeiunga na kadi kwa waya wa nyuma. Shida yangu ni mvumo. Nikichomeka gitaa au kinanda nasikia "mmmm" hata kabla sijapiga. Jamaa mmoja mwenye studio kaniambia vifaa vyangu ni feki, ninunue kadi na maiki mpya, na kwa sasa nikate pini ya ethi kwenye plagi ya amplifaya. Nimekata na kweli mvumo umepungua, ila nikiimba huku nimeshika gitaa midomo inachonyotwa na maiki. Je, ninunue maiki ya aina gani?

JIBU: Mdogo wangu, kabla ya lolote, chomoa amplifaya hiyo ukutani. Ichomoe sasa, ndipo urudi kusoma.

Swali hili naletewa mara kwa mara, na karibu kila anayeniuliza anakuwa ameshakata. Sikukasirikii wewe. Namkasirikia aliyekushauri, kwa sababu anajiita mtu wa studio na amekupa ushauri unaoua.

Huko kuchonyotwa midomo ni umeme unapita mwilini mwako. Nyuzi za gitaa zimeungana, kupitia waya wa jeki, na bodi ya chuma ya amplifaya. Wavu wa maiki umeungana na kadi ya sauti, na kadi na laptop. Ukishika nyuzi kwa mkono na kugusa maiki kwa midomo, wewe ndiye unakuwa waya kati ya pande hizo mbili. Leo unaopita ni umeme mdogo unaovuja, ndiyo maana unachonyota tu. Siku transfoma ya amplifaya itakapochoka na waya wa moto ukagusa bodi, nyuzi zako zitakuwa na volti 230. Ethi ingekuwepo, umeme huo ungekimbilia ardhini, fyuzi ikakatika, na wewe ukabaki unalalamika kuwa amplifaya imezima. Bila ethi fyuzi haina habari. Umeme unakaa kwenye nyuzi ukisubiri njia, na njia utakuwa mkono wako, kifua chako na midomo yako.

Mwezi Mei 1972 Les Harvey, mpiga gitaa wa bendi ya Stone the Crows ya Scotland, aligusa maiki jukwaani mjini Swansea, Wales, akiwa na gitaa lake. Mitambo haikuwa na ethi ya kutegemewa. Alipigwa na umeme mbele ya watu waliokuja kumsikiliza, akafa. Alikuwa na miaka 27.

Ushauri wa kukata ethi haufi kwa sababu mvumo unapungua kweli, kama ulivyojionea. Amplifaya ilikuwa na ethi yake kupitia plagi, na laptop nayo ina njia yake kupitia chaja. Ulipoziunga kwa waya wa sauti, ukatengeneza duara. Umeme kidogo unazunguka kwenye duara hilo mara 50 kwa sekunde, na kadi inaurekodi kama sehemu ya muziki. Ukikata ethi umelivunja duara, sawa. Lakini duara lile lile linavunjika kwa njia ambayo haigusi usalama wako hata kidogo.

Anza na laptop. Chomoa chaja, ifanye kazi kwa betri, usikilize. Mvumo ukiondoka, mchawi ni chaja, hasa kama ni ya pini mbili. Rekodi kwa betri, utafute chaja halisi ya pini tatu. Usipoondoka, chomeka kila kitu, yaani amplifaya, kinanda na chaja, kwenye ekstensheni moja nzuri inayotoka kwenye soketi moja. Umewahi kuona mtu kachomeka kinanda soketi ya chumbani na amplifaya soketi ya sebuleni? Hapo duara limekuwa kubwa kama nyumba. Bado unavuma? Nunua DI boksi (kisanduku cha kupitishia sauti) yenye transfoma ndani, uipitishe katikati ya kinanda na kadi, na uiweke nyingine kati ya amplifaya na kadi. Ile swichi yake inakata ethi ya waya wa sauti peke yake. Ethi ya umeme wa ukutani inabaki mahali pake. Hicho ndicho kifaa kilichotengenezwa kwa kazi ambayo jamaa yako anaifanya kwa koleo.

Gitaa lina mvumo wake mwingine. Kama sumaku zake za kunasa sauti ya nyuzi ni za koili moja moja, zinanasa pia mvumo unaosambaa hewani kutoka kwenye transfoma, taa na chaja. Kaa kwenye kiti, shika gitaa kama unapiga, kisha jizungushe taratibu. Kuna upande mmoja ambapo mvumo unashuka ghafla. Weka alama sakafuni, urekodie hapo. Tatizo hili ni la zamani. Mwaka 1955 Seth Lover wa kampuni ya magitaa ya Gibson alilitafutia dawa kwa kuunganisha koili mbili zinazofutiana mvumo.

Sasa hayo ya "feki". Soma tena ulichoandika: mvumo unakuja ukichomeka gitaa au kinanda. Hapo maiki iko wapi? Haimo kabisa, na bado umeambiwa uinunue upya! Hili ndilo linalonichosha. Kila ugonjwa wa sauti dawa yake imekuwa ni kununua: sauti iko mbali, nunua maiki, sauti inavuma, nunua kadi. Na anayekwambia ununue mara nyingi ndiye mwenye ya kuuza. Maiki ya kondensa uliyo nayo, ukiisogeza sentimita 30 kutoka kwenye ilimba na kutundika godoro la pamba nyuma yako, itakupa sauti nzuri kuliko ya bei kali iliyosimama katikati ya chumba chenye marumaru na kuta tupu.

Wako pia wa "rekodi tu, tutasafisha baadaye." Mvumo wa umeme wetu ni hezi 50. Chukua besi, bonyeza uzi mnene kwenye freti ya tatu: hiyo sol ni hezi 49. Programu inayofyeka mvumo inaifyeka na noti hiyo, na kama wimbo uko kwenye ufunguo wa sol, umeondoa nguzo ya nyumba. Ilimba ndiyo inaumia zaidi. Yale matundu madogo ubaoni yamefunikwa kwa utando mweupe wa kifuko cha mayai ya buibui, makusudi, ili kila kibao kikilia utando ule utetemeke na kutoa mkwaruzo wake. Sauti hiyo ndiyo aliyoizungusha duniani mwanamuziki Hukwe Zawose, Mgogo wa hapo hapo Dodoma, hadi alipofariki mwaka 2003. Programu haimjui Hukwe. Inausikia mkwaruzo, inauhesabu uchafu, inaufuta, unabaki na ilimba inayolia kama simu ya kitufe.

Na hili si la chumbani kwako tu. Kwenye harusi moja nilifungua plagi ya ekstensheni iliyokuwa inalisha jukwaa zima. Waya wa kijani na njano ulikuwa umekatwa mfupi na kuzungushiwa selotepu, kazi safi kabisa, ya mtu aliyejua anachofanya. Kwenye ekstensheni hiyo walikuwa wamechomeka waimbaji wanne. Bendi nyingine zinatumia jenereta isiyo na fimbo ya ethi hata moja ardhini. Halafu kuna mtindo wa kuchokonoa tundu la juu la soketi kwa kijiti ili plagi ya pini mbili iingie, tundu ambalo ni la ethi. Kama unapigia vyombo mahali usipopafahamu, nunua mita ndogo ya umeme. Iweke kwenye volti za AC, ncha moja kwenye nyuzi za gitaa, nyingine kwenye wavu wa maiki. Ikionyesha karibu na sifuri, imba. Ikionyesha makumi ya volti, usiimbe mpaka chanzo kipatikane.

Kwa hiyo cha kununua leo ni plagi mpya ya pini tatu, yenye fyuzi ya ampea 3. Mwombe mwenye nyumba aite fundi umeme mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, apime kama soketi za chumba chako zina ethi kweli, maana pini tatu ukutani si ushahidi. Akiifunga hiyo plagi, mwambie waya wa kijani na njano auache mrefu kuliko wenzake ndani ya plagi, ili siku mtu akijikwaa kwenye waya na plagi ikavutika, huo uwe wa mwisho kuchomoka.