Mkuu, kabla ya projekta, ujue utando unakumbuka picha ya jana

Mkuu, simama hapo hapo. Umeuliza ununue projekta gani Kariakoo na utumie programu gani kuchora vimraba, umulike utando wa kadimiamu salfaidi, uige semikondakta (kitu kinachopitisha umeme nusunusu) yenye sehemu zinazopitisha umeme na sehemu zinazogoma. Wazo zuri: penye mwanga panapitisha, penye giza panagoma. Lakini uliposema utarusha picha mia mfululizo usiku mmoja, nikaliona kaburi langu.

Nilifanya hivyo hivyo. Vimraba vya nasibu, kila picha ina vimraba vyenye mwanga vingi kuliko iliyotangulia. Kihesabu, kama vimraba vinapokezana umeme ubavu kwa ubavu tu, njia ya umeme kutoka upande mmoja hadi wa pili inafunguka vimraba vyenye mwanga vikifika karibu asilimia 59.3. Kwangu ikafunguka kwenye 41. Badala ya kushtuka nikajipa moyo: pembe nazo zinapitisha! Na kweli, ukihesabu na pembe, kiwango ni 40.7. Basi nikatembea kifua mbele kama niliyewafunga Simba na Yanga siku moja. Ripoti ya miezi minne nikaifunga.

Siku moja umeme ukakatika. Projekta puu, mita ya mkondo, inayotumia betri, ikabaki inasoma. Mkondo haukuzima! Ulishuka polepole kama mgeni anayeaga akiwa bado kakaa. Chai nimemaliza, bado unashuka. Kumbe vimraba vya picha iliyopita vilikuwa vinaendelea kupitisha huku mimi nahesabu vya picha mpya. Pembe za watu nilizisingizia bure.

Na yule kaka wa maabara aliyeniapia kwamba "ukizima taa mkondo unakufa papo hapo"! Yeye alikuwa anatengeneza swichi ya taa ya uani, huko dakika kumi nani anazijali? Miezi yangu minne anadaiwa yeye.

Picha moja, kisha giza, subiri mkondo urudi ulipoanzia, ndipo picha ya pili. Ukimaliza kupanda kutoka picha yenye mwanga kidogo hadi yenye mwingi, shuka kwa picha zile zile. Mistari miwili ya grafu, wa kupanda na wa kushuka, isipolaliana, usimpelekee msimamizi chochote. Mimi nilirudia zote, picha moja ikinila nusu saa na ushee, mke akidhani nimepata kazi ya ulinzi wa usiku.

Na usikimbilie vile vijicho vya LDR vya dukani, vya kuhisi mwanga. Njia yake imejikunja kama nyoka kati ya elektrodi, vimraba vyako havitaigiza kitu.

Projekta? Yoyote yenye kijani na buluu kali, nyekundu haisaidii sana. Kuhusu programu, hebu uliza tena. Dirisha umeshaliziba lakini, mwanga wa nje usiingie?