Nyungunyungu kwenye kiwanja cha gofu: weka rola pembeni kwanza

Juzi kijana mmoja anayetunza kiwanja huko Arusha kanitumia meseji, "Kaka mvua zimeanza, nyungunyungu wamejaza vitope feawei nzima, nitajie dawa ya kuwamaliza." Vitope ni vile virundo vidogo vya udongo mbichi ambao nyungunyungu anautoa juu, na feawei ni ule ukanda mrefu wa nyasi zilizokatwa fupi unaoelekea kwenye shimo. Nimeisoma mara tatu, maana huyo ndo mimi kabisa enzi naanza kazi huku Uingereza.

Huku vitope vinaanza mwezi wa 10, ardhi imelowa ila baridi kali bado. Mwaka wangu wa kwanza nilifika alfajiri nikakuta feawei imechafuka kila hatua, na wachezaji wanaingia saa mbili, nikasema leo watanijua, nikawasha rola nikapita mwanzo mwisho na umande wake. Kugeuka nyuma, kila kirundo kimelalia nyasi kama chapati! Nyasi zikafa mabaka mabaka, na kwenye mabaka yakaota magugu, maana udongo ule nyungunyungu anautoa chini na mbegu za magugu humo humo. Bosi akanisema mbele ya wenzangu wote. Hakunielekeza hata neno moja, alinisema tu, na mpaka leo nikikumbuka kifua kinabana.

Basi nikajifunza mwenyewe. Unasubiri vikauke. Hata kama ni saa nane mchana, hata kama wanachama wananung'unika, subiri vikauke ndo upitishe brashi au ufimbo mrefu wa kuchapia nyasi, vinasambaa kama unga, halafu ndo ukate. Mwezi uliopita kapteni wa klabu kaja mwenyewe kunishika mkono kwa ajili ya feawei ya 7, ile ile ya rola. Nilijisikia vizuri sana, siwezi kuficha.

Kuhusu dawa, mdogo wangu, huku klodeni, dawa ya zamani ya kuua nyungunyungu, iliondolewa 1992, na kabendazimu iliyotumika baadaye nayo tangu 2018 hairuhusiwi, sasa tunafanya kazi kwa akili na mikono. Na huyo nyungunyungu unayetaka kumuua ndo anakutobolea udongo maji yazame, ukimmaliza utakuja kulia na madimbwi. Sisi watunza viwanja tuna haraka mno ya kuua, tuache jamani, tunalipwa kutunza ardhi.

Mpunguzie chakula tu. Nyasi ulizokata zibebe na boksi la mashine, usiziache pale. Hapendi udongo wenye asidi, kwa hiyo mbolea ya SA (salfeti ya amonia), inayoongeza asidi, inasaidia kidogo kidogo, na chokaa usimwage kwa mazoea bila kupima. Mchanga mkavu juu ya nyasi unasaidia pia, ila ule wa pwani wenye vipande vya makombe unapunguza asidi, yaani unamkaribisha mwenyewe kwa gharama zako. Na vikiwa bado vibichi usiviguse, nimeshasema ila narudia, subiri vikauke. Hata siku ya mashindano usiogope, sheria za gofu zinamruhusu mchezaji kuondoa kitope kabla ya kupiga.

Sasa kijana wangu, kapime udongo wa hiyo feawei unitumie namba ya pH, yaani kipimo cha asidi, na uniambie mchanga mnaomwaga hapo unatoka wapi.