Dubai–Guangzhou: ni masaa 7, siyo 11. Angalia tiketi vizuri

Mkuu, umeuliza inakuwaje Dubai mpaka Guangzhou ni kilomita 5,800 na ushee tu, lakini tiketi yako ukiihesabu inatoa masaa 11 kwenda na masaa 4 kurudi. Hujapigwa. Hiyo njia naijua tangu enzi nafuata makava ya simu na chaja, na mwanzoni ilinitoa jasho mimi pia.

Saa zote za kwenye tiketi ni za pale ndege ilipo. China nchi nzima inatumia saa moja, na iko mbele ya Dubai kwa masaa 4. Ukiruka Dubai saa 4 asubuhi ukatua Guangzhou saa 3 na robo usiku, toa hayo manne: umekaa angani masaa 7 na robo. Kurudi unajumlisha. Kuruka saa 6:40 usiku na kutua saa 10:50 alfajiri ni masaa 8 na dakika 10.

Hiyo karibu saa nzima inayozidi wakati wa kurudi ni upepo. Huko juu kuna upepo unaotoka magharibi kwenda mashariki, na miezi ya Desemba mpaka Februari ndiyo unakaza kabisa. Safari moja ya Januari niliangalia skrini ya kiti: kwenda tulikuwa tunakimbia kilomita 1,040 kwa saa, kurudi 790, na rubani hajalala. Halafu ndege hazipendi kukatiza juu ya nyanda ya juu ya Tibet. Hewa ikipungua ndani, rubani anatakiwa ashuke haraka hadi mita 3,000 hivi, na ile nyanda yenyewe iko juu ya mita 4,000. Bahati nzuri mstari mfupi wa Dubai–Guangzhou unapita jirani na mpaka wa kusini wa Nepal, kwa hiyo hawazunguki sana.

Sasa hapa ndipo penye kilio. Tiketi yangu ya kurudi iliandikwa 00:40, tarehe 18. Mimi na akili yangu ya Kiswahili nikasema usiku wa tarehe 18. Siku hiyo nikazurura Xiaobei, mtaa wa Guangzhou wenye wafanyabiashara wengi wa Kiafrika, nikala, nikafunga mabegi kwa gundi ya karatasi, saa 3 usiku niko kaunta Baiyun, uwanja wa ndege wa Guangzhou. Yule dada akaichukua simu yangu, akaweka ncha ya kalamu kwenye zile sifuri mbili, akanitazama kwa huruma. Ndege ilikuwa imeshatua Dubai tangu alfajiri! 00:40 tarehe 18 ni usiku wa KUAMKIA tarehe 18, yaani hotelini unatoka jioni ya tarehe 17. Tiketi mpya ilikula faida ya katoni mbili.

Kuhusu kuunganisha kuja Dar: Dubai–Dar ni masaa matano na nusu hivi, na Dubai iko mbele yetu kwa saa moja. Kama umekata tiketi mbili tofauti, hakikisha zote ni uwanja mmoja maana Dubai ina viwili, na uliza mapema kama begi utalichukua mwenyewe na kulikabidhi upya.

Weka hapa picha ya tiketi tuisome pamoja, ila jina na namba ya bukingi ufunike kwanza.