Maswali ya Wasomaji: Kazi, Matembezi na Ndugu kwa Motahomu

Mwezi huu tunajibu barua za wasomaji walioko Marekani wanaosafiri kwa motahomu, gari lenye vitanda, jiko na choo humo humo ndani.

SWALI: Habari za kazi, ndugu mhariri. Mimi na mume wangu tunaishi Lowell, Massachusetts. Juni tutatoka wiki sita na motahomu ya futi 28, tupite Dallas kwa shangazi, kisha Utah kutazama hifadhi. Ninafanya kazi kwa kompyuta mpakato kwa muda wa saa nane kila siku, kuanzia saa tatu asubuhi ya huku mashariki. Gari lina betri mbili za asidi za volti 12, kila moja ampea-saa 100, na paneli ya sola ya wati 200. Aliyetuuzia anasema zinatosha. Ni kweli?

JIBU: Dada, zinatosha siku moja. Siku ya pili mchana zitakuzimikia katikati ya mkutano.

Piga hesabu nasi, tukichukulia una skrini ya pili na dishi la intaneti. Kompyuta inakula wati 60 hivi. Kwa saa nane ni wati-saa 480. Skrini ya pili, 200. Dishi kubwa la intaneti ya satelaiti, wati 60, ni 480 nyingine. Taa, pampu ya maji, feni na kengele ya gesi, kama 250. Vitu vinavyopitia inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani, vinapoteza asilimia 10 hadi 15 njiani. Jumla inakaribia wati-saa 1,580 kwa siku.

Sasa akiba. Betri mbili ni wati-saa 2,400 kwenye karatasi (volti 12 mara ampea-saa 100, mara mbili), lakini betri ya asidi ikishushwa chini ya nusu mara kwa mara hufa mapema, kwa hiyo zako ni 1,200. Paneli iliyolala bapa juu ya paa, jua kali la Juni, itakupa kama 800. Siku ya kwanza unamaliza na 420. Ya pili unaamka na 420, jua linaongeza 800, na wewe unataka 1,580. Mkiegesha chini ya miti, hata siku ya kwanza hamfiki jioni.

Kabla ya kununua chochote, punguza matumizi. Chaji kompyuta kwa chaja ya volti 12 inayochukua umeme moja kwa moja kwenye betri, bila inveta. Skrini ya pili iache nyumbani. Dishi dogo linatumia karibu nusu ya lile kubwa. Hapo unashuka hadi wati-saa 1,000 hivi, na jua likiwaka betri zilezile zinakwenda siku tano au sita.

Ukitaka nafasi zaidi, weka betri mbili za lithiamu za ukubwa uleule. Utapata zaidi ya wati-saa 2,500, na unaweza kuzitumia karibu zote. Wengi hukosea hapa: wanatoa za asidi, wanaweka za lithiamu, basi. Chaja ya zamani ya gari haizijazi sawasawa. Tena lithiamu hunyonya umeme mwingi kwa pupa, altaneta, mashine ya injini inayozalisha umeme, inafanya kazi bila kupumzika mpaka inaungua. Weka chaja ya kati, ya ampea 30, baina ya altaneta na betri. Na betri hizi zisichajiwe zikiwa zenyewe chini ya nyuzi sifuri. Seli huharibika na hazirudi.

Intaneti iwe ya njia mbili: dishi, na laini ya simu. Dishi linataka anga wazi, miti inalikata. Simu haijali miti ila mabonde mengi ya Utah hayana mnara. Jaribu zote mbili mkifika, jua halijazama, ili kama hakuna mtandao mhame jioni ileile na si saa moja asubuhi ukiwa umechelewa kazini.

Kuhusu saa, magharibi inakupendelea. Saa tatu asubuhi ya Lowell ni saa moja asubuhi ya Utah. Saa tisa alasiri umefunga kompyuta, na Juni jua linachelewa kuzama: muda wa kutembea upo tele. Ila siku ya kazi isiwe siku ya kuendesha. Endesheni Jumamosi, Jumapili mpumzike. Hili tunalisisitiza kuliko betri, maana dereva aliyechoka na gari la tani tano au zaidi ni hatari kwa kila aliye barabarani.

SWALI: Tukifika kwa kaka yangu Columbus, Ohio, tunalala kwenye gari mbele ya gereji yake na kuchomeka kwenye soketi ya nyumba. Umeme unakatika kila mara. Shemeji ameanza kununa. Kosa liko wapi?

JIBU: Shemeji ana haki, kwa sababu kila breka ya umeme (swichi inayokata umeme ukizidi) inapokatika huenda friji ya gereji nayo inazimika.

Soketi ya kawaida ni ampea 15 kwa volti 120, yaani wati 1,800, na kwa matumizi ya mfululizo usizidi 1,440. Kiyoyozi cha motahomu peke yake kinakaribia 1,500. Hita ya maji, 1,400. Chaja, betri zikiwa zimeshuka, inaweza kuvuta mamia kadhaa. Basi kwa kaka, friji na hita viende kwa gesi, kiyoyozi kizimwe. Umeme wa nyumba uwe wa kuchaji betri, taa na kompyuta.

Waya wa ekstensheni uwe geji 12 au 10 (namba ikipungua waya ni mnene zaidi), na ukunjuliwe wote. Uliozungushwa hupata joto hadi plastiki inayeyuka. Waya mwembamba unashusha volti, na mota ya kiyoyozi ikipata chini ya 105 hivi inaungua polepole bila wewe kujua.

Ikiwa inayokatika ni soketi yenyewe, ile yenye kitufe cha kupima, umeme unavuja mahali. Zima breka zote za umeme ndani ya gari, chomeka, kisha washa moja moja. Itakayokata ndiyo yenye kasoro. Mara nyingi ni elementi ya hita ya maji iliyopasuka, au plagi iliyoingia unyevu.

Angalia pia mteremko. Friji inayotumia gesi lazima isimame sawa. Gari likiinama sana amonia, kemikali inayopoza friji, haizunguki na friji inaharibika moja kwa moja. Weka pima maji sakafuni, tia kabari za mbao chini ya magurudumu. Na mwulize kaka mapema kama mtaa wake unaruhusu motahomu kulala nje. Mitaa mingi yenye chama cha wenye nyumba hairuhusu zaidi ya siku moja au mbili.

SWALI: Ramani ya simu inatupitisha kwenye handaki la Baltimore. Tuna mitungi ya gesi. Ni sawa?

JIBU: Si sawa. Mahandaki ya Harbor na Fort McHenry hayaruhusu magari yenye mitungi mikubwa ya gesi, hata ikiwa imefungwa. Zamani watu walipita daraja la Francis Scott Key, lakini lilianguka tarehe 26 Machi 2024. Zungukeni jiji kwa barabara kuu ya I-695 upande wa magharibi.

SWALI: Tangi la choo linanuka na halitoki lote, ingawa kwenye kambi koki ya kumwagia tunaiacha wazi.

JIBU: Ndiyo sababu. Koki ikiwa wazi maji yanatiririka, kinyesi kinabaki na kujenga kichuguu. Ifungeni mpaka tangi lifike theluthi mbili, kisha mmwage la choo kwanza, halafu la maji ya sinki, ambalo litasafisha mpira wa kumwagia. Kabla ya kuanza tena, mimineni lita 15 za maji ndani ya tangi. Kwa kichuguu cha sasa, jazeni tangi maji, mliache usiku kucha, mwendeshe gari kidogo lichukuchuke ndipo mmwage. Huenda mkarudia mara mbili au tatu.