Nankhatai za Idi zinapotandaa kwenye oveni

SWALI: Asalaam alaikum, mpishi. Kila Idi napika nankhatai za samli na iliki kwa kipimo cha marehemu bibi. Zikiingia kwenye oveni zinatandaa na kushikana, trei nzima inakuwa biskuti moja. Nikiongeza unga zinameguka. Nikitia maziwa ili zishikane zinatoka ngumu, watoto hawazitaki. Nakosea wapi? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Waalaikum salaam, dada yangu. Kipimo cha bibi kiache kilivyo. La kutazama ni hali ya samli unapoanza kuchanganya.

Joto la Tanga linatosha kuilainisha samli hata ikiwa kabatini. Samli iliyolegea haishiki hewa ukiipiga, na kidonge chake kinatandaa kwenye trei kabla moto haujaushika unga. Unga uliouongeza ulinyonya samli kweli, lakini mafuta ya kuushikanisha hayakutosha tena, ndiyo maana ukameguka. Halafu maziwa yakaleta maji. Samli ni karibu mafuta matupu, na wororo wa nankhatai unatokana na huko kukosa maji. Unga wa ngano ukipata maji na kukandwa huanza kuvutika kama wa chapati, na ukiokwa hukauka ukawa mgumu.

Kwa hiyo itie samli kwenye friji mpaka igande kiasi cha kidole kuacha alama bila kuzama. Kwa unga gramu 250 mimi natumia samli gramu 150 na sukari ya unga gramu 110. Sukari ya chembe haiyeyuki kwenye mafuta, hivyo kama ndiyo uliyonayo isage kwanza kwenye blenda. Piga samli na sukari mpaka iwe nyeupe na nyepesi, wala usiharakishe hapa, kwani hewa unayoiingiza ndiyo itakayozifanya nankhatai ziwe laini. Chekecha unga pamoja na nusu kijiko cha chai cha bekingi pauda, changanya kwa ncha za vidole na ukome mara tu unaposhikana. Usikande. Finyanga vidonge, vibonyeze kidogo, kisha viweke friji nusu saa pamoja na trei yake.

Iliki ya unga ya dukani siipendekezi kabisa kwa biskuti za sikukuu. Harufu yake imo kwenye mafuta yanayopotea hewani, na ikishasagwa hupungua siku hadi siku. Menya maganda, utwange mbegu kinuni pamoja na kijiko cha sukari. Zitasagika laini zaidi. Kungumanga kwaruza kidogo tu, isije ikaifunika iliki.

Oveni iwe imeshapata moto, nyuzi 170, dakika 18 hadi 20. Zitoe zingali nyeupe juu na chini zimeanza tu kugeuka rangi. Zikipasuka juu usijali, ndiyo sura yake. Anayepikia mkaa aweke makaa mengi juu ya mfuniko na machache chini, la sivyo zitaungua chini kabla ya kuiva juu. Ziache zipoe humo humo kwenye trei, kwa sababu zikiwa za moto huvunjika ukizishika.

Na kabla ya kuoka zote, oka moja peke yake. Ikitandaa, zirudishe zilizobaki friji nusu saa nyingine, wala usiguse unga.